Kibandiko cha Tano

Mkaguzi alikuwa na jambo moja la kujivunia mbele za watu, nalo ni kwamba hajawahi kumpiga mtoto. Yeye mwenyewe alilelewa kwa mkanda na kwa mpini wa ufagio, akaapa kwamba wanawe hawatayaonja hayo. Kiapo chake alikitimiza. Binti yake alikuwa na miaka minane, mdogo wake minne, na miili yao haikuwa na kovu hata moja la mkono wa mzazi. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipompigia simu katikati ya zamu, siku ya Jumanne, akamwambia afike shuleni mara moja kwa sababu ya Bimkubwa, kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni kwamba watoto wa watu wengine, wale wanaokuzwa kwa viboko, wamemuumiza mwanawe.

Bimkubwa ni jina la utani. Alipewa na baba yake kwa sababu tangu alipojua kutembea alitembea ameweka mikono nyuma, taratibu, kama mtu anayekagua shamba lake. Njia nzima kutoka kiwandani Mkaguzi alikuwa akipanga maneno. Atawauliza walimu walikuwa wapi. Atataka huyo mtoto mtukutu aitwe, na wazazi wake waitwe, na jambo limalizwe siku hiyo hiyo. Alifika lango la shule amejaa pomoni.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kiti kimoja cha mgeni, nacho kilikuwa kimebeba rundo la madaftari. Mkaguzi akaonyeshwa benchi la wanafunzi. Akakaa, magoti yakamfika karibu na kidevu. Mwalimu mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, hakumpa nafasi ya kuanza. Alifungua bahasha, akamwaga mezani vibandiko vitano vyekundu, kila kimoja upana wa kifuniko cha chupa. Vinne vilikuwa vimekunjamana. Cha tano kilikuwa kimechanika vipande vipande, na vipande vyenyewe vilikuwa na kitu cheusi kilichokauka.

"Unavijua hivi, mzazi?"

Asivijue vipi? Kiwandani kwao wanatengeneza mabeseni na ndoo za plastiki. Kazi yake ni kusimama mwisho wa mstari, kuinua kila beseni kwenye taa, kulizungusha, kupitisha kidole gumba kwenye ukingo. Likiwa na tundu, au ufa, au limepinda, analibandika alama nyekundu, na lenye alama nyekundu linarudi kwenye mashine kusagwa upya. Kwa siku moja mikono yake inabandika vibandiko vya kutosha kuufunika ukuta. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kupitisha beseni bovu.

"Ni vya kazini kwetu," alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko ya mwalimu mkuu.

Basi akaelezwa. Darasani mwa Bimkubwa kuna mtoto wa kike, mjukuu wa yule bibi mpiga pasi wa njia panda. Mtoto mpole, asiye na neno na mtu, ukimwuliza swali anajibu kwa kichwa. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita Bimkubwa alikuwa akimpeleka nyuma ya vyoo na kumbandika kibandiko kwenye paji la uso. Alimwambia kwamba akifikisha vitano atapelekwa kiwandani kusagwa. Ijumaa kilipofika cha tano, mtoto alirudi nyumbani amefunika uso kwa daftari, akajifungia bafuni, akajisugua paji la uso kwa waya wa kusugulia masufuria. Gundi ya kiwandani haitoki kirahisi. Kilichotoka kwanza ni ngozi. Jana, Jumatatu, bibi yake ndiye aliyeileta bahasha ile. Aliiweka mezani, akasema mtoto haji tena, akaondoka bila kukaa.

Kamati ya shule ingekaa Ijumaa, mwalimu mkuu alisema. Bibi akija kusema yamekwisha na mjukuu wake anarudi, Bimkubwa naye atarudi darasani. Asipokuja, watafute shule nyingine. Shule nyingine iko ng'ambo ya barabara kuu, ambako malori hayapungui, na mtoto wa miaka minane hawezi kuvuka peke yake. Mpaka hapo Bimkubwa akae nyumbani.

Mkaguzi alikuwa ameshasimama mwalimu alipomwuliza jambo moja zaidi: maneno haya ya kusaga watu, mtoto wa darasa la pili ameyatoa wapi?

Mkaguzi akajibu kwamba watoto wa siku hizi wanaona mengi kwenye televisheni. Nyumbani kwake hapakuwa na televisheni.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa sebule, jiko mvua ikinyesha, na karakana ya mkewe, ambaye ni fundi cherehani wa sare za shule. Mumewe alipomaliza kusimulia, alitoa mguu kwenye kanyagio, akabaki ameshika kitambaa. Wala hakuuliza vibandiko vilifikaje shuleni. Bunda la vibandiko lilikaa juu ya kabati, na kabati lenyewe si refu.

Sheria ya nyumba ile kila jirani aliijua. Mtoto akimwaga uji, akipoteza penseli, akisema uongo, au, kama ilivyokuwa kwa mdogo mtu aliyeitwa Kibonge, akilowesha godoro, hapigwi. Anabandikwa. Atakaa na alama yake nyekundu kwenye paji la uso mpaka saa ya kulala, ndipo mama aitoe kwa kitambaa na mafuta ya kupikia. Wageni wakija wanacheka, wanamwuliza mtoto, leo umeharibika wapi? Nyuma ya mlango palichorwa mistari ya chaki, kila mtoto na safu yake. Mmoja akifikisha minne baba alimwinua juu kama beseni, akamgeuza kwenye taa, akasema: "Umebakiza kimoja. Cha tano nakubeba begani mpaka kiwandani, tukusage, tutoe mtoto mpya asiye na ufa." Mama alikuwa akicheka mpaka anashindwa kushona. Kila Jumamosi baba alifuta mistari yote, akatangaza msamaha, na hajatokea mtoto aliyefika vitano. Mkaguzi aliipenda Jumamosi kuliko siku zote za wiki, kwa sababu watoto walimrukia shingoni kwa furaha. Aliamini huo ni upendo.

"Tumemfundisha sisi," mkewe alisema.

"Mimi nilimfundisha adabu. Kubandika wenzake nani alimtuma?"

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, baba watoto."

"Na samaki mkunje angali mbichi."

Methali mbili zikakaa katikati yao, na hakuna iliyotaka kuipisha nyingine. Akaitwa Bimkubwa. Alikuja, safari hii mikono iko mbele, imeshikana. Baba yake alimwuliza kwa nini, akasema hajui. Alimwuliza kama yule mtoto alimchokoza, au alimtukana, au alimnyima kitu. Hapana, hapana, hapana. Basi huyo ni nani kwako? Bimkubwa akafikiri kidogo, akajibu, "Ni rafiki yangu."

Jibu hilo lilimkasirisha Mkaguzi kuliko bahasha yenyewe. Mtu akimtesa adui yake unaweza kumwelewa. Akashusha bunda kutoka kabatini, akambandika kimoja kwa aibu aliyoileta na kingine kwa kuficha sababu, na mama mtu safari hii hakucheka, lakini hakuzuia. Wiki hiyo binti alikuwa ameshapata viwili. Baba akachora mistari yake ya chaki bila kuihesabu, maana alikuwa na makubwa ya kufikiri.

Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa ameshapata suluhisho, na alilisifu mwenyewe. Dawa ya moto ni moto. Bibi akimwona Bimkubwa amebandikwa mbele za watu, atajua haki imetendeka. Atakuwa na moyo gani asisamehe?

Mpiga pasi alifanya kazi yake chini ya paa la bati pale njia panda, mahali barabara ya kiwandani inapoachana na ile ya majumbani. Meza yake ilivikwa blanketi lililoungua hapa na pale. Pasi ilikuwa ya mkaa, nzito, naye aliisukuma kwa mkono mmoja tu, mkono mwingine ukitangulia kunyoosha kitambaa. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wakisubiri mashati. Chini ya meza, kwenye kivuli, alikaa mtoto amefungwa kitambaa cheupe kichwani.

Mkaguzi akamwamkia. Bibi akaitika marahaba bila kuinua macho. Mkaguzi akaanza hotuba yake. Alisema yeye ni mzazi wa yule mtoto aliyekosea, kwamba amesikitika sana, kwamba yeye si mtu wa kutetea uovu hata ukitendwa na damu yake. Wateja walikuwa wameacha mazungumzo yao. Alipoona anasikilizwa, akatoa bunda mfukoni, akachambua kibandiko, akakibandika kwenye paji la uso la Bimkubwa, akamsukuma mbele kidogo.

"Nimembandika mwenyewe, bibi, mbele yako. Aonje alichomwonjesha mwenzake."

Mtoto wa chini ya meza alipoona chekundu, alijifunika kichwa kwa mikono yote miwili, akajikunja mpaka akagusa mguu wa meza. Hakulia. Alikuwa akitoa sauti nyembamba isiyokatika. Bibi akaisimamisha pasi, akainama, akamwekea mkono mgongoni, akakaa hivyo mpaka sauti ikapungua. Halafu akainuka, akamtazama Bimkubwa, kisha bunda lililokuwa mkononi mwa baba yake.

"Tangu juzi nilikuwa najiuliza, mtoto mdogo namna hii kafundishwa na nani," alisema. "Kumbe mwalimu wake anakuja mwenyewe, na vifaa vyake mkononi."

Mteja mmoja akacheka puani. Mwingine akageuza uso, akajifanya anatazama barabara. Mkaguzi alifungua mdomo, lakini bibi alikuwa ameshachukua pasi. "Nenda, baba. Nguo za watu zitaungua."

Kwa maisha yake yote Mkaguzi hakuwahi kuona aibu kama ile. Akamshika Bimkubwa mkono, akaondoka kwa hatua ndefu. Walipofika penye kibao cha njia, pale unapochagua kulia kiwandani au kushoto majumbani, mtoto alisimama, akakumbatia nguzo ya kibao. Alivutwa, hakuachia. Aliulizwa anataka nini, mkojo ukamtiririka miguuni ukaingia kwenye viatu. Mkaguzi akasema sasa ni ukaidi. Akaibandua mikono yake kwenye nguzo kidole kimoja kimoja, akamtupia begani.

Alitegemea arushe miguu. Bimkubwa hakurusha. Alikakamaa kama ubao, na Mkaguzi akahisi moyo wa mtoto unapiga dhidi ya shingo yake, haraka haraka. Akakata kushoto. Hatua kama ishirini mbele mtoto alishusha pumzi ndefu, mwili wake wote ukalegea, akalaza kichwa mgongoni mwa baba. Amechoka, Mkaguzi alijisemea. Walifika nyumbani. Mama alimtoa mtoto kibandiko kwa mafuta, akamwosha miguu, akaanika viatu.

Alhamisi mabeseni yalikuja kama kawaida. Msimamizi alipita mara mbili, na mara ya pili akashika beseni lililokuwa limeshapitishwa, akamwonyesha Mkaguzi ufa unaoanzia ukingoni mpaka chini. Akamtania, akamwuliza kama leo amekuja na macho ya mtu mwingine. Mkaguzi alichukua kibandiko, akakishika kidoleni, akashindwa mahali pa kukiweka. Kila alipolitazama lile beseni aliuona mdomo wa bibi ukisema vifaa vyake mkononi. Miaka kumi na moja iliishia hapo, kwenye beseni la bluu.

Zamu ilipokwisha hakupita nyumbani. Alikwenda njia panda peke yake, mikono mitupu. Hapakuwa na mteja. Bibi alikuwa akipuliza mkaa, na mjukuu amekaa chini ya meza, akikunja soksi za watu jozi kwa jozi. Mkaguzi hakuomba ndoo ya kukalia. Alisema yaliyomleta kwa maneno machache, maana hotuba zilikuwa zimemwishia: kwamba mchezo wa vibandiko ni wake, ameuanzisha yeye, na mtoto ameuchukua nyumbani kwake kama alivyouona. Alisema hakuja kwa ajili ya kamati ya kesho. Hapo alidanganya kidogo, naye bibi alijua.

"Usiniambie mimi," bibi alisema. "Mimi sijabandikwa."

Basi Mkaguzi akachuchumaa, akainamisha kichwa mpaka akamwona mtoto. Kitambaa kilikuwa kimepunguzwa, na ukingoni mwake palionekana ngozi mpya, nyororo, yenye rangi ya ndani ya mdomo. Alimwambia kwamba kiwandani wanasaga plastiki tu. Hakuna mtu aliyewahi kusagwa, na hakuna atakayesagwa, hata akibandikwa mia. Yalikuwa maneno ya utani, aliyokuwa akiwaambia wanawe ili wacheke.

Mtoto alimaliza kukunja jozi aliyokuwa nayo. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Bimkubwa anajua?"

Mkaguzi hakuelewa. Akasema anajua nini.

"Kwamba ni utani." Alikuwa akiongea polepole, kama anayesoma. "Yeye alikuwa amebakiza kimoja. Na mdogo wake alibakiza kimoja, kwa sababu ya kukojoa. Akasema mimi sina hata kimoja, kwa hiyo nina nafasi. Alisema akinibandika mimi, chao kinahama, hakihesabiwi tena. Akaniomba nimshikie tu mpaka Jumamosi." Akachukua soksi nyingine. "Nikakubali. Halafu na vyangu vikafika vitano. Alikuwa analia wakati ananibandika cha mwisho. Aliniambia samahani."

Mezani pasi ilikuwa imeachwa juu ya shati, na harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua ikawafikia. Bibi akaiinua haraka. Alilitazama shati, akaligeuza upande wa pili. Mwisho akasema kesho atakwenda shuleni, atawaambia kamati yamekwisha, na Jumatatu mjukuu wake atarudi. "Naenda kwa ajili ya watoto hawa wawili," alisema. "Wewe sijakusamehe. Sijui hata nianzie wapi."

Mkaguzi alikuwa ameshasimama. Mbele yake kilikuwa kile kibao cha njia, na nguzo yake. Alikumbuka vile vidole alivyovibandua kimoja kimoja. Akahesabu moyoni: viwili vya mwanzo wa wiki, viwili vya Jumanne, na kile cha jana alichombandika hapa hapa, mbele ya wateja. Akakumbuka alivyomtupia begani, na upande inakoelekea barabara ya kiwandani, na ile pumzi ambayo mtoto aliishusha walipokata kushoto. Akaanza kutembea, kisha akakimbia, mtu mzima na sare yake ya kazi, watu wakimpisha njia.

Alimkuta Bimkubwa ameketi karibu na cherehani, akiokota vipande vya uzi na kuvitia kwenye kopo. Kibonge alikuwa kwenye mkeka, anachezea vifungo. Mkaguzi alifuta kwanza mistari ya chaki nyuma ya mlango kwa mkono wa shati, safu zote mbili. Halafu akachuchumaa mbele ya binti yake, akihema, akamwambia kila kitu. Kwamba hakuna kusagwa. Kwamba hakukuwa na kusagwa tangu mwanzo. Kwamba jana walikuwa wanarudi nyumbani, nyumbani tu, na asingempeleka popote, asingempeleka kamwe. Kwamba kosa ni la baba, na baba anaomba radhi. Bibi amekubali, na Jumatatu anarudi shule.

"Ndiyo, baba," Bimkubwa alisema.

"Umeniamini?"

"Ndiyo, baba."

Alijibu upesi, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Kisha akageuza macho, akamtazama mama yake, kuona kama anacheka. Mama alikuwa ameshika gurudumu la cherehani kwa mikono yote miwili, machozi yakimwangukia juu ya sare ya mtoto wa watu. Bimkubwa akarudi kumtazama baba yake, akapima, akafikiri.

"Hata Kibonge?" aliuliza.

"Hata Kibonge. Hasagwi hata mmoja wenu."

Mkaguzi akanyoosha mikono kumpakata. Bimkubwa akaweka kopo la nyuzi chini, taratibu, lisimwagike. Alikwenda mpaka kwenye mkeka, akamwinua mdogo wake, akampeleka pembeni kabisa ya chumba, mahali ukuta unapokutana na kabati, akamkalisha, na yeye akakaa mbele yake. Baba alisogea kidogo upande wa kulia. Binti naye akasogea upande huo huo, akamziba mdogo wake, macho yakiwa kwenye mikono ya baba.